Jimu ya MMA ya Kansanga: nimempeleka kijana wangu, haya ndio maoni yangu

Tangu watu waanze kumwona kijana wangu anapita na begi la glovu mgongoni swali ni moja tu, eti hivi ule mchezo wa kupigana ndani ya wavu si unyama? Mama mkwe kauliza, jirani kauliza, mpaka mzee wa kanisa kauliza. Hii rivyu itakuwa ndefu kidogo mnivumilie, manake siwezi kusema jimu ni nzuri ama mbaya kabla sijajibu hilo. Mi naona MMA, huo mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka, si katili kuliko ngumi ambazo sisi hapa Uganda tumezishangilia tangu enzi za wazee wetu. Ukatili unaingia pale mtu ameshalegea na hakuna mwenye mamlaka ya kusema basi, ama yupo lakini anachelewa. Jimu yoyote naipima hapo kwanza, mengine yote baadaye.

Jimu yenyewe iko Kansanga hapa Kampala, ukiacha barabara ya Ggaba unaingia ndani kidogo, ghorofa ya juu, chini kuna duka la vifaa vya ujenzi. Kibao hakuna, waulize watu wa boda pale steji wote wanaijua. Watu wazima ni shilingi 150,000 kwa mwezi, vijana chini ya miaka 18 ni 100,000, ukija siku moja moja ni 15,000 na unalipa kwa simu kabla hujavua viatu. Ukumbi ni mdogo, jioni watu wanajaa mpaka mnagongana migongo. Bafu moja tu na maji yanakatika. Mifuko ya ngumi iko minne, mmoja umezungushiwa tepu mpaka umebadilika rangi. Kizimba kamili hawana, wamefunga wavu kwenye ukuta mmoja ndio wanafanyia mazoezi ya kubanwa ukutani. Lakini mati ni safi na zimekaa vizuri, nilipita nazo kwa mguu mtupu kutoka kona mpaka kona natafuta mapengo, maana kidole cha mguu kikiingia kwenye pengo wakati mtu anazunguka kinavunjika hivi hivi. Kila baada ya kipindi wanapiga deki na Jik, na kochi anakagua kucha na ngozi mlangoni, ukiwa na mashilingi, yaani choa cha ngozi, hata kama umelipa mwezi mzima anakurudisha nyumbani mpaka upone. Hilo nimelipenda sana kwa sababu ugonjwa wa ngozi kwenye michezo ya kukumbatiana unasambaa haraka mno.

Kochi ni mtu wa Goma, anafundisha kwa Kiswahili anachanganya na Kiingereza, na Luganda kidogo pale wanafunzi wanapomtolea macho. Mimi nimekulia Nsambya barracks, baba alikuwa polisi, Kiswahili ndio lugha ya uani kwetu, hivyo kwangu raha tupu. Kama hukijui kabisa utaelewa tu kwa kuangalia anavyofanya.

Sasa siku ambayo niliamua kijana abaki pale ni hii. Walikuwa wanafanya kabali, yaani unapita nyuma ya mtu, mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine unafunga kwa nyuma, unabana. Kochi alikuwa ameshaeleza kwamba kabali sahihi haikandamizi koo la hewa, inabana mishipa ya damu pande mbili za shingo, na mtu akizimika inakuwa ndani ya sekunde chache tu, ndio maana lazima ugonge mkono mapema. Walikuwepo vijana wawili, mmoja mkubwa wa mwili, mwingine mwembamba ana kiburi cha umri ule, yule mwembamba kabanwa, uso unabadilika, mishipa ya kwenye paji imesimama, hataki kutapu, yaani kugonga mkono aachiwe, kwa sababu wasichana wa kipindi kinachofuata walishaanza kuingia. Kochi hakupiga kelele wala kungoja, alipiga magoti pale chini akaweka kiganja chake kwenye kiwiko cha yule mkubwa akakifungua, kabla mtoto hajazimika. Halafu akasimamisha kipindi kizima, wote chini, akawaambia, "Kutapu ni kuomba tuanze tena. Asiyejua kutapu simpeleki popote." Yule mkubwa naye akapata lake, kwa nini unaendelea kubana na unaona mwenzako hasemi kitu? Hapo ndipo nilipotulia moyo.

Nirudi kwa swali la unyama, maana wanaouliza nawaelewa kabisa. Picha waliyonayo kichwani ni ya mwanzo. Mashindano ya kwanza ya UFC, kampuni kubwa ya mapambano ya MMA, yalifanyika Denver, Marekani, tarehe 12 Novemba 1993, hakukuwa na uzito wala majaji, na pambano la kufungua usiku Mholanzi Gerard Gordeau alimpiga teke la uso Teila Tuli, jamaa mkubwa wa sumo, jino likaruka nje ya kizimba. Hiyo video bado inazunguka. Seneta John McCain, mtu aliyependa ngumi sana, aliita mchezo huu kupiganisha watu kama majogoo, na New York wakaupiga marufuku 1997 mpaka 2016. Lakini miaka ya 2000 na 2001 New Jersey walikaa wakaandika sheria ndio hizo zinatumika karibu kila mahali sasa: uzito umegawanywa, glovu ni lazima, raundi tatu za dakika tano ama raundi tano kama ni pambano la mkanda wa ubingwa, huruhusiwi kupiga kichwa kwa kichwa, kutia vidole machoni, kupiga sehemu za siri, kupiga kisogo ama uti wa mgongo, na mtu akiwa chini huruhusiwi kumpiga teke la kichwa. Kwa hiyo anayekwambia hakuna sheria anazungumzia kitu cha zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Na ngumi je? Hapa Uganda ngumi ni heshima. Eridadi Mukwanga alileta fedha na Leo Rwabwogo shaba kutoka Olimpiki ya Mexico 1968, Rwabwogo tena akaleta fedha Munich 1972, John Mugabi fedha Moscow 1980, Ayub Kalule akawa bingwa wa dunia wa WBA 1979, Kassim Ouma akachukua mkanda wa IBF 2004, hayo ni mashirika ya ngumi ya dunia. Sisi tuliolelewa kwenye kambi za polisi na jeshi majina haya tumenyonya na maziwa, na sijawahi kusikia mzee yeyote anaita ngumi unyama. Sasa angalia kinachotokea kwenye ngumi mtu akiangushwa. Ametikisika ubongo, miguu imekuwa ya mlenda, refa anahesabu, jamaa anasimama kwa nguvu za Mungu, refa anamfuta glovu, halafu anamruhusu akapigwe tena kichwani. Na inaweza kutokea zaidi ya mara moja kwenye pambano moja, raundi kumi na mbili. Kwenye MMA hakuna kuhesabiwa. Ukitikisika ukashindwa kujilinda imekwisha, na unaweza pia kushinda ama kushindwa bila kichwa kuguswa kabisa, kwa kabali ama kwa kukunjwa mkono, unagonga, mnapeana mkono, mnakwenda kula.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, uliotoka 2015, madaktari waliangalia miaka kumi ya vipimo vya baada ya pambano, wapiganaji wa MMA zaidi ya elfu moja na mabondia 550. Walioumia kwa namna yoyote ni wengi zaidi upande wa MMA, karibu 59 kwa mia, mabondia karibu 50. Michubuko, mipasuko, pua. Lakini waliopoteza fahamu ni mabondia karibu 7 kwa mia na MMA karibu 4. Yaani MMA inatoa damu nyingi ya kuonekana, ngumi inaumiza zaidi pale pasipoonekana. Watu wengi wanahukumu kwa damu. Na ile glovu nene ya ngumi msidanganyike, inalinda mkono wa anayepiga, ubongo wa anayepigwa unatikisika vilevile.

Mnamkumbuka yule kijana wa Afrika Kusini, Simiso Buthelezi, Juni 2022 pale Durban? Alikuwa anaongoza pambano lake la ngumi, ghafla akaanza kurusha ngumi upande ambao mpinzani hayupo kabisa. Refa akasimamisha. Siku chache baadaye akafariki, miaka 24. Na MMA pia imeua msifikiri naificha, João Carvalho alifariki Dublin mwaka 2016 siku mbili baada ya pambano. Naongea kama mzazi, siko hapa kuuza mchezo.

Kuna kitu kimoja kwenye MMA ambacho hata mimi nikiangalia tumbo linasokota, ni pale mtu ameanguka na mwenzake anamrukia juu kuendelea kumpiga. Hiyo kwenye ngumi hakuna. Sheria inaruhusu mpaka refa aingie, kwa hiyo tofauti ya mchezo na mauaji hapo ni refa mmoja, macho yake na miguu yake. Agosti 2022 Leon Edwards alipompiga bingwa wa UFC Kamaru Usman teke la kichwa raundi ya tano, sisi tuliangalia nyumbani Jumapili alfajiri, kijana wangu alilia maana Usman ndiye shujaa wake, lakini refa aliingia palepale na Mnigeria yule akaamka, akaja kupigana tena London Machi iliyofuata. Kumbuka 2021 mikanda mitatu ya UFC ilikuwa kwa Waafrika kwa wakati mmoja, Usman, Israel Adesanya, na Francis Ngannou wa Kameruni aliyechimba mchanga akiwa mtoto. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka 16 wa Kampala kwamba hiyo si ndoto.

Haya sasa malalamiko, na ninayo.

Kwanza daktari hakuna, hata wa kuitwa kwa simu. Kisanduku cha huduma ya kwanza kipo kinaning'inia karibu na choo, nilikifungua nikakuta bandeji moja, pamba na spiriti. Kijana wangu alipigwa goti kwenye paji la uso, karibu na jicho, wakiwa kwenye sparingi, yaani mazoezi ya kupigana, na kochi alifanya vizuri, akamtoa, akamkalisha, akamuuliza leo ni siku gani, nani alikuwa naye, akanipigia mimi mwenyewe na kuniambia nisimwache peke yake usiku ule, akitapika mara kwa mara, akilala haamki vizuri ama mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine nikimbilie hospitali. Nashukuru kwa hilo kwa moyo wote. Lakini aliporudi siku nyingine kochi msaidizi alikuwa hajui kitu, akampanga kwenye sparingi kama kawaida! Kichwa bado kilikuwa kinamuuma na mwanga unamsumbua macho. Mtoto ndiye aliyesema, tena kwa kunong'ona. Ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujapona ndio hatari kubwa kuliko ile ya kwanza, na hilo halihitaji mashine ya mamilioni, linahitaji daftari. Jina, tarehe, nini kilitokea, nani kamruhusu kurudi.

Pili hii habari ya kukata uzito, yaani kupunguza kilo haraka kabla ya kupimwa. Vijana chini ya miaka 18 kochi amewapiga marufuku kabisa, safi. Lakini wakubwa wanaoingia mapambano nimewaona kwa macho yangu wanaruka kamba wamejifunga kavera, mifuko ya plastiki, ndani ya jaketi, saa nane mchana na jua hili letu, hawanywi maji. Nilimuuliza akasema wale ni watu wazima wanajua miili yao. Hapana kochi. Desemba 2015 Yang Jian Bing, Mchina wa miaka 21, alifariki Manila akikata uzito, hata kizimbani hakufika, na ONE Championship, kampuni ya mapambano ya Asia, wakabadilisha sheria zao wakapiga marufuku kukata uzito kwa kujikausha maji. Watoto wanawaona wale wakubwa, wanajifunza kwa macho kuliko kwa maneno.

La tatu si la jimu moja kwa moja. Vijana wawili wa hapa waliwahi kupigana kwenye usiku wa mapambano uliopangwa na watu wengine, ukumbi mmoja hapa mjini, tikiti 50,000, nilienda. Muziki mzuri, taa nzuri, ambulensi hakuna. Kampala na jam yake, unategemea nini, boda imbebe mtu aliyezimika mpaka hospitali ya Mulago? Pambano la tatu kijana mmoja aliangushwa kwa mkono wa kulia, na nilikuwa nimekaa karibu vya kutosha kuona mikono yake, vidole vilikuwa vimefunguka, haikuwa mikono ya mtu anayejilinda. Refa alikuwa amesimama upande wa mgongo wa yule wa juu, haoni uso wa aliye chini. Ngumi ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu nyuma yangu wanapiga kelele "ongeza! ongeza!", na aliyesimamisha ni kochi wetu wa Kansanga aliyerusha taulo, na yule mtoto hakuwa hata wa kwake. Kama mtu angeniuliza usiku ule MMA ni unyama ningejibu ndiyo, hii hapa ni unyama, na nisingetafuna maneno. Sheria ni zilezile, glovu ni zilezile, kilichokosekana ni mtu anayejua kazi yake na gari mlangoni.

Nilimwambia kochi yote haya, nikiwa nimekaa naye kwenye benchi baada ya kipindi cha wanawake (kipo Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni, mwalimu ni dada aliyecheza judo, mvumilivu sana, mi mwenyewe nahudhuria na mgongo umepona ule uchovu wa kukaa ofisini). Akanisikiliza. Akasema, "Mama, daftari nitanunua kesho, daktari nipe muda." Daftari kweli lipo sasa, jekundu, liko mezani pale unapolipia, na kochi msaidizi analifungua kabla ya sparingi. Daktari bado. Kavera bado wanajifunga.

Kijana wangu anataka kuingia mapambano ya ridhaa mwakani. Chini ya sheria za shirikisho la kimataifa, IMMAF, ridhaa hawaruhusu viwiko, wanavaa kinga za miguu na raundi ni tatu za dakika tatu, hiyo naikubali. Nimemwambia nitasaini nikishaona kwenye karatasi jina la daktari na namba ya gari la ambulensi, na refa nimjue ni nani. Baba yake hataki kabisa, anasema bora arudi kwenye ngumi pale Naguru, na tunabishana mpaka leo.

Jimu nawapa nyota nne kwa tano. Tano nitaitoa siku daktari akija.

Kwa wanaotaka kwenda: kinga ya meno nunueni mpya, ile ya kuchovya kwenye maji ya moto na kuing'ata ndiyo inakaa vizuri, madukani mjini inaanzia 20,000, na tafadhali msinunue ya mtumba soko la Owino hata kama inang'aa. Glovu ndogo za aunsi nne msiwanunulie watoto eti kwa sababu wameziona kwenye televisheni, zile ni za mapambano, kwa sparingi kochi anataka nene na haruhusu mtu kuingia bila hizo. Bandeji za mikono wanauza palepale kwa 15,000. Vijana ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, Jumamosi wanaanza saa tatu asubuhi na mlango unafungwa mazoezi yakianza, mzazi anaruhusiwa kukaa ndani kuangalia, kuna benchi. Kaeni muangalie. Msiwaache getini mkaondoka.